Fundi na Hati: Historia ya Ruhusa ya Kazi za Mabomba na Mitambo ya Majengo Mjini Kisangani

Utangulizi

Nchini Tanzania Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, husajili makandarasi wa majengo pamoja na wale wa fani maalumu. Nchini Kenya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, imeshuka ngazi moja zaidi na kusajili mafundi stadi mmoja mmoja. Kwa hiyo msomi wa Dar es Salaam au Nairobi afikapo Kisangani na kuuliza leseni ya fundi bomba hutolewa na ofisi gani, huona swali lake kuwa la kawaida. Jibu si la kawaida. Ataonyeshwa hati nyingi: kitambulisho, risiti ya patanti, cheti cha shule ya ufundi, pengine namba ya usajili wa biashara. Karibu zote zinaeleza fundi ni nani, anakaa wapi na amelipa nini. Hati inayoeleza kama bomba alilolifunga litavuja au halitavuja ni nadra, na hata ikiwapo, kwa kawaida hainingʼinizwi mlangoni kama sharti la kufanya kazi.

Makala haya yanadai kwamba hali hiyo si matokeo ya uzembe wa juzi, wala ya vita peke yake. Ni urithi wa zaidi ya karne moja. Tangu enzi za ukoloni dola imekuwa hodari wa kumpa ruhusa mtu, na kulipa ruhusa jengo, lakini haikujishughulisha sana na kuipima kazi yenyewe. Upimaji wa kazi uliachiwa taasisi nyingine iliyo kongwe zaidi, yaani uhusiano wa fundi na aliyemfunza. Kwa wanafunzi wa Kiswahili suala hili lina mvuto wa ziada, kwani sehemu kubwa ya historia hiyo imehifadhiwa katika maneno kuliko katika majalada.

Fundi kabla ya hati

Neno ‘fundi’ huhusishwa na mzizi uliomo katika ‘funda’, ‘funza’, ‘mafunzo’ na ‘mwanafunzi’. Kwa asili yake, basi, fundi si mtu afanyaye kazi ya mikono tu. Ni mtu aliyefundwa, na ambaye kwa sababu hiyo anaweza kufunda wengine. Ndiyo maana lugha iliweza kulitumia neno hilo hilo kwa mwashi, kwa mshona nguo, kwa mhunzi, kwa mganga, na hata kwa mtunzi hodari wa mashairi. Katika miji ya pwani kijana aliwekwa kwa fundi kwa miaka kadhaa, akitumwa, akibeba, akikoroga chokaa na kutazama. Alipohitimu, fundi wake alipewa kilemba. Kilemba hicho, ambacho si lazima kiwe kitambaa cha kichwani, kilikuwa ada ya shukrani. Lakini kilifanya pia kazi ambayo leo hufanywa na mtihani wa daraja. Kilitolewa kwa kadamnasi, na kupokewa kwake kulikuwa kauli ya fundi kwamba huyu sasa ameiva. Kuanzia siku hiyo kijana aliweza kujitwalia kazi na lawama zake. Lawama ni sehemu muhimu ya mpango huo: ukuta ulioanguka haukumwaibisha aliyeujenga peke yake, bali pia aliyemfunza.

Kiswahili kilifika kwenye maporomoko ya Mto Kongo kabla ya dola yoyote ya Kizungu kufika. Kililetwa na misafara ya pembe na watumwa kutoka Unguja na Tabora, ambayo mkuu wake mashuhuri alikuwa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Isidhaniwe kwamba misafara hiyo ilikuta mahali pasipo na ufundi. Wagenya, wavuvi wa maporomoko hayo, walikuwa wakisimika magogo makubwa katika mashimo ya miamba, katikati ya maji yaendayo kwa nguvu, na kutundika humo mitego mikubwa ya kusukwa. Ni kazi ya ujenzi isiyoruhusu kosa, na wanaifanya hata leo. Ujuzi wake hurithiwa katika koo, baba kwa mwana, pasipo karatasi.

Mnamo Desemba 1883 Henry Morton Stanley alipoanzisha kituo katika kisiwa kilichokuwa karibu na maporomoko hayo, mtu aliyemwacha akiongoze alikuwa Binnie, Mskoti aliyekuwa fundi wa injini ya mashua ya mvuke. Ni sadfa inayopendeza kwamba mwakilishi wa kwanza wa utawala mpya katika mji huu hakuwa mwanajeshi wala hakimu, bali fundi wa mitambo. Sadfa hiyo haikudumu. Kituo kiliachwa na kuteketezwa mwaka 1886. Mwaka uliofuata Tippu Tip akateuliwa kuwa wali kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Na baada ya vita vya 1892 hadi 1894 utawala wa watu wa pwani ukakoma. Kiswahili hakikukoma. Kilibaki kuwa lugha ya mji pamoja na Kilingala kilichopanda na mto, na mchanganyiko huo ndio uliochunguzwa na Nico Nassenstein katika kazi yake ya mwaka 2015 kuhusu Kiswahili cha Kisangani.

Hati ya mtu

Mji ulioitwa Stanleyville ulihitaji mafundi tangu mwanzo. Reli ya kwenda Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 125, ilijengwa kati ya 1903 na 1906 ili kuyakwepa maporomoko, na karakana zake zikawa chuo kikubwa cha kazi ya chuma kwenye ukingo wa kushoto. Wamisionari nao, wakiwamo Mapadri wa Moyo Mtakatifu waliofika na Gabriel Grison mwaka 1897, walihitaji waashi na maseremala, na wakawafunza. Huko mtu alijifunza kwa kutazama na kurudia, kama ilivyokuwa kwa fundi wa pwani. Tofauti ni kwamba mwishoni hapakuwa na kilemba. Palikuwa na mkataba.

Mkataba huo ulikuwa chombo cha pekee. Amri ya tarehe 16 Machi 1922 ilitawala kazi za Waafrika peke yao, na mfanyakazi aliyeukiuka mkataba aliweza kuadhibiwa kwa sheria ya jinai. Mzungu aliyefanya kazi katika karakana hiyo hiyo alikuwa na mkataba wa aina nyingine. Kwa hiyo karatasi ya kwanza aliyopewa fundi Mwafrika wa Stanleyville haikusema anaweza nini. Ilisema yeye ni wa nani na haruhusiwi kuondoka lini. Baadaye mtu aliyetaka kukaa mjini alihitaji pia kibali cha kuhama kijiji chake, na kuanzia 1931 maeneo ya Waafrika yaliwekwa chini ya utaratibu maalumu wa vituo visivyo vya kimila. Fundi asiye na kazi aliweza kuamriwa arudi kwao, hata angekuwa hodari namna gani. Ustadi wake haukuwa hoja.

Kilele cha mfumo huu kilikuwa kadi ya sifa ya kiraia iliyoanzishwa mwaka 1948, na uandikishaji uliorekebishwa kwa amri ya tarehe 17 Mei 1952, ambao ulimpa Mwafrika aliyehesabiwa kuwa ‘amestaarabika’ baadhi ya haki za Mzungu mbele ya sheria. Waliofaulu katika koloni zima walikuwa wachache mno. Mwishoni mwa miaka ya hamsini walioandikishwa walikuwa yapata mia mbili tu. Mmoja wao alikuwa karani wa posta wa Stanleyville, Patrice Lumumba, ambaye ombi lake lilikataliwa kwanza, kisha likakubaliwa mwaka 1954. Kabla ya kuamua, wakaguzi walifika nyumbani kwa mwombaji. Walitazama jinsi familia inavyokula, wakatazama jiko, bafu na choo.

Hapo pana kinaya ambacho hakikosi kumgusa mwanahistoria wa ufundi. Dola ilituma watu wakakague bafu ili kumpima mwenye nyumba. Aliyelijenga bafu hilo hakupimwa na mtu. Maji yanayotiririka yalichukuliwa kuwa dalili ya ustaarabu wa mtu, si zao la kazi ya mtu mwingine ambayo inaweza kufanywa vizuri au vibaya. Valdo Pons, aliyefanya utafiti mjini humo mwaka 1952 na 1953 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1969, alionyesha jinsi wakazi wenyewe walivyopimana kwa kazi, kwa elimu na kwa kiwango cha ‘ustaarabu’. Vipimo vya dola vilikuwa vimekwisha kuingia mitaani.

Hati ya mahali

Ingekuwa si haki kusema kwamba Wabelgiji hawakujali usalama wa majengo. Walijali, lakini kwa njia nyingine. Amri ya tarehe 12 Februari 1953 iligawa katika madaraja shughuli zilizohesabiwa kuwa za hatari, zenye madhara kwa afya au zenye kero, na kudai kibali kabla ya kuzianzisha. Amri ya tarehe 20 Juni 1957 ikapanga mambo ya miji na ujenzi. Kibali hapa kilipewa mahali: karakana hii, bohari hii ya mafuta, kiwanja hiki. Aliyeshika koleo na spana hakutajwa.

Kulikuwa na sababu ya wazi. Maji na umeme vilikuwa mikononi mwa taasisi. Regideso, shirika la kugawa maji na umeme, liliundwa tarehe 30 Desemba 1939. Kituo cha umeme kwenye maporomoko ya Mto Tshopo, kaskazini mwa mji, kilianza kazi mwaka 1955. Kazi za ndani ya majengo zilifanywa na kampuni za Wazungu au na idara ya serikali. Msimamizi Mzungu alipotia saini, saini hiyo ndiyo iliyokuwa leseni. Mafundi Waafrika waliokata, waliosokota na waliolehemu mabomba walifanya hivyo chini ya jina la mtu mwingine. Wengi walikuwa stadi kupita huyo aliyetia saini, lakini ustadi wao haukuwa na mahali pa kuandikwa.

Kuna jambo moja la tarehe ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha. Ubelgiji yenyewe ilipitisha sheria ya kuwezesha kuweka masharti ya ujuzi kwa mafundi na wafanyabiashara wadogo tarehe 24 Desemba 1958. Masharti kwa ufundi mmoja mmoja, ukiwamo wa mabomba na wa umeme, yaliwekwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Kwa maneno mengine, mtawala aliondoka kabla hajamaliza kujiwekea nyumbani kwake kanuni ambayo watu hudhani aliiacha au aliinyima koloni lake. Jamhuri mpya ilirithi mkataba, kitambulisho na kibali cha ujenzi. Leseni ya fundi haikuwapo ya kurithiwa.

Wala Ulaya haikuwa na jibu moja. Uingereza hadi leo haimdai fundi bomba leseni ya lazima. Inayodaiwa kwa nguvu ya sheria, tangu 1991, ni ya wanaofanya kazi za gesi. Ubelgiji, kwa kanuni yake ya mwaka 1981 kuhusu umeme, iliamua kwamba mfumo mpya wa nyaya ukaguliwe na chombo kilichoidhinishwa kabla ya kutumika. Yaani kazi hupimwa, awe ameifanya nani. Na jimbo la Flanders lilifuta mwaka 2019 masharti ya ujuzi kwa mafundi ambayo babu zao waliyapigania.

Patanti na matabishi

Baada ya uhuru hatua iliyokaribia zaidi suala la ujuzi ilikuwa kuundwa kwa Taasisi ya Kitaifa ya Matayarisho ya Kazi, INPP, tarehe 29 Juni 1964. Madhumuni yake yalikuwa kuwafunza na kuwaendeleza wafanyakazi, na vyeti vyake bado vina heshima. Lakini mwaka huo haukuwa wema kwa Stanleyville. Mwezi Agosti waasi wa Simba waliuteka mji. Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Kibelgiji walishuka. Kisha yakafuata maasi ya 1966 na 1967. Wazungu wengi wenye kampuni za ujenzi na ukarabati waliondoka, wengine waliuawa. Mji ukapewa jina la Kisangani mwaka 1966.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa biashara za wageni na kukabidhiwa raia. Janet MacGaffey, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kilichotokana na utafiti wa Kisangani, ameeleza jinsi wengi wa waliokabidhiwa walivyouza bidhaa zilizokuwamo na kuacha maduka matupu. Kwa mafundi wa majengo hasara haikuwa maduka tu. Pamoja na kampuni ilikwenda ile saini. Waliobaki walikuwa watu wenye mikono iliyofunzwa, wasio na mwajiri wa kuwadhamini na wasio na chombo cha kuwapima. Wakawa mafundi wa kujitegemea kwa mujibu wa ile inayoitwa ‘Ibara ya 15’, kanuni ya kila mtu ajifanyie awezavyo, ambayo raia wote wanaijua kuliko ibara nyingine yoyote ya katiba.

Dola iliwafuata huko, lakini kwa mlango wa kodi. Sheria ya tarehe 2 Agosti 1979, na ile ya tarehe 8 Agosti 1990 kuhusu biashara ndogo, zilimdai mwenye shughuli ndogo ambaye hakuandikishwa katika rejista ya biashara awe na patanti. Biashara hiyo ilihifadhiwa kwa raia. Aliyeomba patanti alijieleza, akathibitisha uraia wake, akalipa. Hakuombwa aunge bomba mbele ya mtu yeyote. Mwaka 2012 nchi ilipojiunga na OHADA, yaani mfumo wa pamoja wa sheria za biashara unaotumiwa na nchi nyingi za Afrika Magharibi na ya Kati, mjasiriamali mdogo alipewa hadhi mpya: anatoa tamko tu, wala halazimiki kusajiliwa kama mfanyabiashara kamili. Ni nafuu kubwa kwa fundi maskini. Hata hivyo tamko, kama patanti, ni la biashara.

Msamiati unaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko sheria. Katika Afrika Mashariki iliyotawaliwa na Mwingereza, neno la kawaida ni ‘leseni’, nalo lina maana ya ruhusa inayoweza kunyangʼanywa mtu akifanya vibaya. Dereva anajua, na mwenye baa anajua. Kisangani neno linalosikika ni ‘patanti’, kutoka Kifaransa, nalo ni jina la malipo. Patanti haipotei kwa sababu bomba limepasuka. Inapotea kwa sababu mwaka umekwisha. Hivyo hivyo, pale ambapo Kiswahili cha pwani husema ‘fundi bomba’, mjini Kisangani husikika ‘plombie’, ‘masoni’ na ‘mekanisie’, maneno yaliyotoka katika orodha za mishahara za kampuni za Kibelgiji. Aliyesoma hujitambulisha kwa daraja la shule: yeye ni ‘A2’, mwenzake ‘A3’. Lakini mteja anayetafuta mtu wa kuaminika haulizi daraja. Huuliza kama huyo ni fundi kweli, na hapo neno la zamani linarudi na uzito wake wote.

Kuna neno jingine la kutazamwa kando ya kilemba, nalo ni ‘matabishi’. Limetoka Kireno, ‘mata-bicho’, ambalo lilimaanisha kinywaji cha kufungulia kinywa asubuhi, na katika Kongo likawa jina la bakshishi na la hongo. Kilemba kilipanda kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa fundi, mara moja, kwa sababu ya ujuzi uliopokewa. Matabishi hupanda kutoka kwa fundi kwenda kwa ofisa anayekagua karatasi, mara nyingi kadiri ofisa apitavyo, na hayana uhusiano wowote na ujuzi. Ofisa akikuta kasoro katika hati hupata sababu ya kudai. Akikuta kasoro katika bomba hana analoweza kudai, na yamkini hataitazama. Hati ikishakuwa chanzo cha mapato, kuongeza hati nyingine si lazima kuongeze usalama. Wale wanaopendekeza leo kwamba Kisangani iige Nairobi na kusajili kila fundi wanapaswa kwanza kueleza ni nani atakayekaa kwenye meza ya kusajili, na atalipwa na nani.

Maji, vita na ushahidi

Hoja ya kumwacha fundi apimwe na mteja wake ina nguvu katika kazi nyingi. Mshonaji akiharibu suruali, aliyeagiza ataona na hatarudi. Kazi za mabomba na nyaya ni tofauti kwa sababu mbili. Kwanza, zimefichwa ukutani na ardhini, mteja hazioni. Pili, madhara yake humfikia asiyeagiza. Mtambo wa kusafisha maji wa Regideso hutegemea umeme wa Tshopo kuendesha pampu zake. Umeme unapokatika, shinikizo katika mabomba hushuka. Na bomba lenye ufa, lililopita ndani ya mtaro, ambalo jana lilikuwa likitoa maji nje, leo huanza kunyonya ya mtaroni. Umeme ukirudi, maji hayo husukumwa kwenda kwa jirani ambaye hakuwahi kumwita fundi yeyote. Kiungo kimoja kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli huko Mangobo kinaweza kuwa jambo la mtaa mzima. Kwa sababu ya madhara ya namna hii ndipo miji mingi duniani ilipoanza kudai leseni katika ufundi huu kabla ya ufundi mwingine.

Mnamo Machi 2011 kipindupindu kililipuka Kisangani na kuteremka na mto hadi Kinshasa. Mlipuko huo hauhitaji kubebeshwa fundi fulani. Mji ambao wakazi wake wengi huchota visimani na kwenye chemchemi una njia nyingi za kuugua. Lakini ulionyesha kwamba maji ya Kisangani si suala la Kisangani peke yake. Katika miaka iliyofuata zilikuja sheria kubwa: ya umeme, tarehe 17 Juni 2014; ya maji, tarehe 31 Desemba 2015; na mwaka 2018 ile iliyounda chama rasmi cha wahandisi. Zote zinaanzia juu. Mzalishaji wa umeme, mgawaji wa maji na mhandisi sasa wana masharti yao. Mita za mwisho, kutoka barabarani hadi kwenye mfereji wa jikoni, bado ni za fundi aliyesifiwa na jirani.

Fundi huyo ndiye aliyebeba mji baada ya vita. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mitaani Agosti 1999, Mei 2000, na kwa ukali zaidi tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba katika mapigano hayo ya Juni raia zaidi ya 760 waliuawa na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa kwa kiasi mbalimbali. Maji na umeme vilikatika. Mashirika ya misaada yalishughulikia mitambo mikubwa. Nyumba moja moja zilirudishiwa mapaa, mabomba na nyaya na watu wa mtaani, wakitumia vifaa vilivyookotwa katika magofu. Wakati huo hakuna aliyemwomba fundi patanti, na ingekuwa aibu kumwomba.

Miaka mingi baadaye karatasi ikadaiwa, lakini na mahakama. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 za Marekani: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili. Kwa upande wa mali, ushahidi uliowasilishwa haukutosha kuhesabu hasara jengo kwa jengo, na mahakama ikatoa kiasi cha jumla. Mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, una makao yake Kisangani. Mwenye nyumba anayefika kudai sehemu yake huulizwa kilichoharibika na gharama ya kukitengeneza. Nyumba yake ilitengenezwa, pengine vizuri sana, na mtu ambaye hakuandika stakabadhi kwa sababu hakuwahi kuwa na jina la kuandika juu yake. Bomba lipo, maji yanatoka siku ambazo Tshopo inafanya kazi, na fundi anaweza kuitwa aje aeleze alichokifanya, kama bado yu hai.